Jina Lililobaki Barabarani

Mtoto wetu wa tatu wa kiume alikaa nyumbani bila jina mpaka akaanza kuketi mwenyewe. Kwetu Nyeri hilo ni jambo la aibu. Mtoto hazaliwi kwanza halafu watu wakaanza kuumiza kichwa aitwe nani, kama wanaochagua ndama sokoni. Jina lake linakuwa limeshakaa mlangoni likimngoja. Mvulana wa kwanza ni baba ya mume. Wa pili ni baba ya mke. Wa tatu anarudi upande wa mume, kwa ndugu yake mkubwa. Hakuna anayeuliza. Sasa ndugu yangu mkubwa alikuwa mmoja tu, naye alikuwa amekufa, na mke wangu akasema hapana.

Hakupiga kelele. Alisema tu, "Jina hilo mimi sitaliita," akaendelea kuchambua maharagwe.

Basi mtoto akawa anaitwa "huyu". Huyu amelala? Huyu amenyonya? Mchungaji akauliza ubatizo ni lini, nikamwambia mtoto ana kikohozi. Akauliza tena, nikamwambia mama yake ana kikohozi. Mama yangu, aliyekuwa na kibanda chake nyuma ya nyumba yetu, alikuja kila asubuhi akakaa kizingitini na kumtazama mtoto bila kumshika. Alikuwa amezeeka, miguu imevimba, na kitu alichokuwa akikingoja kabla ya kwenda ni hicho tu: amwone mwanawe mkubwa amerudi. Sisi ndivyo tunavyosema. Mtu akipewa jina lako, umerudi.

Ndugu yangu na mimi tulikuwa wapagazi Naro Moru. Shule tuliacha mwaka mmoja, mimi darasa la pili, yeye la nne, baba alipofariki. Kazi ya upagazi watu hawaijui. Mgeni anapanda mlima na fimbo yake mkononi. Sufuria zake, hema lake, na chupa zake zinapanda na wewe. Nilibeba siku moja kiti cha kukunja cha mama mmoja mnene mpaka kule juu penye mawe matupu, na tulipofika, akakaa chini. Lakini nilitaka kusema juu ya kushuka. Kushuka bila mzigo hatukujua kutembea, tulikimbia. Ndugu yangu alikuwa amekatwa kidole kikubwa cha mguu na jembe akiwa mdogo, kwa hiyo mguu wake mmoja ulipiga chini wote mara moja, kama kiganja cha mkono kinachopiga ukuta. Pa-tah, pa-tah. Alipenda kukaa upande wangu wa kushoto, nyuma kidogo, mpaka karibu na mwisho, hapo ananipita. Alisema mdogo apewe njia, mkubwa achukue mwisho.

Miaka ile ya kwanza ya uhuru kila mji ulitaka mbio zake. Wakatangaza marathoni ya kutoka Naro Moru mpaka uwanja wa Nyeri. Urefu waliupima kwa gari la mkubwa fulani, na watu walisema gari lenyewe lilikuwa limepitia kwa jamaa zake njiani, kwa hiyo sijui kama kipimo kilikuwa cha haki. Wa kwanza apate baiskeli. Wa pili sufuria kubwa. Ndugu yangu alikuwa ameshaamua baiskeli ataiweka wapi.

Tulitakiwa kuanza alfajiri, umande ukiwa bado uko kwa nyasi. Mgeni wa heshima hakutokea. Tukaambiwa tungoje. Watoto wa shule wakaimba, wakamaliza nyimbo zao zote, wakaanza upya. Jua likapanda. Alipofika, alihutubia juu ya kufanya kazi kwa bidii, akapuliza filimbi, na kivuli cha kila mtu kilikuwa kimemwingia chini ya miguu.

Watu wa mbali hufikiri kwetu ni baridi tu. Waje Januari, katika uwanda ule wa nyasi za manjano kabla ya Kiganjo. Jua linakuchoma nawe hujui, kwa sababu upepo wa mlima unakupuliza na kukudanganya kwamba uko sawa. Tulikimbia pamoja mpaka Kiganjo. Hapo pa-tah yake ikaanza kuchelewa. Nikageuka. Akanipungia mkono, "Nenda, nakuja." Nilikwenda. Alikuwa amesema hivyo mara nyingi na kila mara alikuja.

Niliingia uwanjani wa sita, bila hata kijiko. Nikasimama kwenye kamba nikitazama barabara. Kilichokuja ni lori, na ndani ya lori ni ndugu yangu chini ya mablanketi.

Alikuwa ameanguka kwenye kona, pale barabara inapoacha daraja na kuanza kupanda kuelekea mjini. Wanawake wa kule walikuwa wametoka kushangilia. Wakamwona amelala kando ya njia, anatetemeka, meno yanagongana. Sisi watu wa mlimani tunajua jambo moja kuhusu kutetemeka: ni baridi. Mpagazi akitetemeka kule juu unamfunika, unawasha moto, unamnywesha kitu cha moto. Basi wale akina mama walifanya kama watu wema. Wakakimbia manyumbani mwao wakaleta makoti na mablanketi, wakamfunika mpaka kichwani, wakakoka moto karibu naye na kumtilia uji wa moto mdomoni. Ningekuwepo mimi ningefanya hivyo hivyo, tena kwa haraka zaidi, maana ndiyo kazi niliyofundishwa. Hospitali walimgusa, wakatuambia amechelewa. Nyumbani watu wakasema baridi ya mlima ilikuwa imemfuata mpaka bondeni ikamkuta. Sote tuliamini. Ilikuwa na maana kwetu.

Baada ya mazishi mama alisema blanketi lililofunika mtu akafa chini yake halirudi kwa wenyewe. Akanituma nipeleke jipya. Nikauliza-uliza pale konani mpaka nikaonyeshwa boma lililotoa blanketi la juu kabisa, lile jekundu. Akatoka msichana. Hakulishika. Akasema, "Weka kwa kiti." Nikaweka. Nikarudi juma lililofuata, bila blanketi, na juma jingine, na mwishowe wazee wa kwetu wakaenda na pombe, na msichana huyo ndiye mama wa watoto wangu. Nilikuwa na mzaha wangu kwamba marehemu ndiye aliyeniposea mke. Yeye hakuwahi kuucheka. Nilifikiri mzaha wangu ni mbaya, na kweli mizaha yangu mingi ni mibaya.

Sasa hili lingine ni gumu kidogo kulisema. Sikukimbia tena. Niliacha upagazi, nikalima. Lakini nikitembea katika barabara ile, nikitoka Kiganjo kupitia kwa wakwe, nilisikia miguu. Upande wa kushoto, nyuma kidogo. Pa-tah. Mchana kweupe, watu wanapita na mikokoteni. Nikisimama, inasimama. Sikuogopa kama mtu anavyoogopa fisi, ila mkono wangu wa kushoto uliingiwa na baridi. Nikifika ile kona ya daraja, inaachia pale. Kuanzia pale kupanda mjini natembea peke yangu. Kila mara. Sikumwambia mtu yeyote ila mama, na mama hakushangaa.

Turudi kwa mtoto. Nilidhani mke wangu amejazwa maneno na mama yake, kwamba jina la aliyekufa vibaya huja na kifo chake. Kuna wanaosema hivyo. Nikamwendea mama yangu nikitaka aje amkaripie.

"Simkaripii," akasema. "Mke wako si mjinga. Wewe unaweza kumwita mtu ndani ya nyumba na yeye bado yuko njiani?"

"Njiani wapi, Mama? Tulimzika hapa."

"Mlizika mwili. Wewe mwenyewe umeniambia mahali anapobaki. Jina lilibaki barabarani. Sasa mtu wa damu yake aende aimalize ile safari, alilete. Mimi niko na miguu?" Akanionyesha miguu yake.

Nilikuwa na kitambi wakati huo. Si kikubwa. Nikaanza kukimbia asubuhi kwenye barabara ya Othaya, kati ya mashamba ya chai, na wachumaji wakapata kitu cha kufurahia.

"Baba, ni nani anakufukuza?"

"Si ni mke wake!"

"Ati kimbia polepole, mama, usimshike haraka, tunataka kuona!"

Ilipotangazwa siku ya mbio zilezile za Naro Moru, nilimwambia mke wangu. Alikuwa ananyonyesha.

"Na ukianguka?"

"Sitaanguka."

"Kwani yeye alisema ataanguka?"

Nikamwambia nikimaliza mbio hizi, tutampa mtoto jina, na kama bado atakataa, basi nitanyamaza kabisa, na mama afe kama atakavyokufa. Akamhamishia mtoto titi jingine. Akasema, "Sawa."

Nikalala Naro Moru kwa mpagazi mwenzangu wa zamani, na asubuhi nikasimama kwenye mstari na vijana ambao ningeweza kuwazaa. Mnajua mgeni wa heshima alifanya nini? Alichelewa. Alikuwa mgeni mwingine, mwenye gari lingine, lakini kuchelewa kulikuwa kulekule. Watoto waliimba. Kivuli changu nilikiona kikinywea chini yangu na nikahisi mtu ameniwekea kiganja mgongoni. Kijana mmoja wa Murang'a aliyesimama karibu nami akaniuliza kama ni mgonjwa. Nikamwambia ni njaa.

Vijana waliondoka kama ng'ombe waliofunguliwa. Mimi nilikwenda kwa mwendo wangu. Baada ya maduka ya Chaka ile miguu ikaja. Haikuja ghafla, ilikuja kama mtu anayekufikia njiani akitaka kusalimia. Pa-tah, pa-tah, upande wake uleule. Sikugeuka. Nilimwambia, kwa sauti, maana hapakuwa na mtu, "Leo hatuachani." Uwanda ukawa unameremeta. Upepo ukanipuliza, nikajiona niko sawa. Kiganjo mtu mmoja alinipa chungwa nikalitazama kama sijui linafunguliwaje, nikalitupa.

Baada ya Kiganjo nikaanza kusikia baridi. Nasema kweli. Jua limekaa kichwani na nywele za mikono yangu zimesimama. Jasho likakauka. Taya likaanza kucheza lenyewe. Nikafikiri, kumbe ndivyo ilivyomjia, ile baridi ya mlima, na sasa imerudi kwa wa pili. Nilitaka kitu kimoja tu, mtu anifunike. Nikaona daraja, nikaona kona, nikaona wanawake wamesimama kando na majani mikononi wanashangilia, na hapo hapo nikaanguka.

Nilisikia sauti zao juu yangu.

"Uuui! Huyu mzee anasikia baridi!"

"Leta koti yako, leta! Na wewe, kimbia kwa nyumba ulete blanketi!"

Ndipo nikasikia sauti nyingine, na sauti hiyo naijua, lakini sikuwahi kuisikia ikipazwa namna ile.

"Msimguse! Ondoeni hayo makoti!"

Na maji yakanishukia. Maji ya mto ule, yanayotoka kwenye barafu, debe zima, kichwani. Nilidhani nimekufa. Nikafungua macho, mke wangu amesimama juu yangu, mtoto mgongoni, debe mkononi, lingine limejaa karibu na miguu yake. Akalimwaga nalo, kifuani.

"Mama, wewe umerukwa na akili? Unamuua mume wako!"

"Mtu anatetemeka unammwagia maji! Mshikeni huyo!"

"Anishike nani?" akawaambia. "Aje nimwone. Anayetaka kusaidia aende mtoni ajaze hili."

Na mmoja akaenda, nafikiri kwa hofu tu. Mke wangu akanivua shati, akanivutia kwenye kivuli cha miti ya miwati, akawa ananipepea kwa jani la mgomba. Akanimwagia tena. Polepole taya langu likatulia. Wale wengine walirudi nyuma kidogo wakisengenya. Hapo ndipo alipozungumza, chini chini, akiangalia barabara badala ya kuniangalia mimi.

"Mtoto wetu wa pili alipoungua na homa, ile siku nilimpeleka hospitali nimemfunga mashuka matatu. Unakumbuka?"

Nilikumbuka.

"Nesi alinifokea mbele ya watu. Akayatoa yote, akamweka mtoto uchi, akampangusa maji baridi. Akasema, nyinyi watu wa huku mtamaliza watoto, mtu anatetemeka kwa moto ulio ndani mnamwongezea moto wa nje." Akapepea. "Nikamwuliza, hata mtu mzima? Hata aliyekuwa anakimbia juani? Akasema huyo zaidi."

"Mlimfunika wote," nikasema. Sauti yangu ilikuwa kama ya mtu mwingine. "Wote wa kona hii."

"Hujui. Yeye alikuwa anaitupa. Hakuweza kusema lakini mikono yake ilikuwa inaisukuma ile blanketi, na akina mama wakasema ameanza kuweweseka, mshikilie. Nilikuwa na nguvu kuliko wote. Nikaikalia pembe. Akisukuma, nami naikalia. Mpaka akaacha kusukuma." Mtoto alijinyoosha mgongoni kwake, akampapasa. "Sasa wewe unataka niliite hilo jina kila asubuhi. Njoo unywe uji. Njoo uvae shati. Aitike."

Watu wakisimulia mambo kama haya husema walilia wakakumbatiana. Mimi sitadanganya. Kwa kitambo kifupi nilimchukia. Niliona mikono ya ndugu yangu chini ya blanketi jekundu na nikatamani angekuwa mwanamke mwingine yeyote. Halafu nikaona alivyokuwa amelowa mpaka kiunoni, viganja vimekatwa na waya wa debe, na kwamba alikuwa amekuja kusimama peke yake mahali ambapo, tangu tuoane, alipita akiwa amefumba macho. Nilikuwa nimeona anafumba macho. Nilifikiri ni vumbi.

"Alikuwa msichana tu aliyeambiwa ashike," nikamwambia. Sikuweza kusema "ulikuwa".

Akaweka debe kando. Akasema, "Simama. Bado uwanja."

Tulipanda ule mlima wa mwisho tukitembea, yeye na mtoto mgongoni, mimi bila shati. Mama yangu angetaka niwaambie kama ile miguu ilipita kona. Nilisikiliza kwa masikio yote. Lakini viatu vyangu vilikuwa vimejaa maji, kila hatua vinalia kwachu, kwachu, na sikusikia kitu kingine chochote mpaka mjini.

Uwanjani mahema yalikuwa yanashushwa. Mtu mmoja alikuwa anakunja waya wa vipaza sauti.

"Mmetoka wapi nyinyi?"

"Naro Moru," nikasema.

"Mbio zimeisha, mzee. Mgeni ameenda."

"Tunajua," mke wangu akasema, na tukapita mbele yake, tukavuka ule mstari wa chokaa uliokuwa umefutwa nusu na miguu ya watu.

Tulipofika nyumbani mama alikuwa kizingitini. Hakuuliza nilikuwa wa ngapi. Aliuliza, "Umekuja naye?"

Ningesemaje? Ningesema viatu? Mke wangu akafungua shuka, akamshusha mtoto, akamweka mapajani mwa mama yangu.

"Tumekuja naye, Mama. Mimi nimemwona."

Akalitaja jina. Mara moja, bila kumeza mate. Mama akamtemea mtoto mate kidogo kifuani, kama wazee walivyokuwa wakibariki, akamshika, akalirudia jina hilo mara nyingi sana huku akicheka kwa fizi. Alituacha mvua za masika zilipoanza.

Sijawahi kumwuliza mke wangu aliona nini. Na sijawahi kusema kwamba mambo yaliisha siku ile. Kwa muda mrefu aliliita jina hilo mbele za watu tu. Wakiwa wawili jikoni, nilisikia "wewe, kula", "wewe, njoo". Usiku mwingine aliamka akakaa. Mimi nilijifanya nimelala, kwa kuwa sikujua ningempa nini.

Halafu mwaka mmoja, mtoto akiwa ameshaota meno ya pili, aliachiwa achunge mbuzi, na mbuzi wakaingia kwenye mahindi. Nilikuwa natengeneza ua. Nikamsikia mke wangu, huko shambani, amepandwa na hasira kama mama yeyote, akaliita lile jina kwa sauti ya juu mpaka ng'ambo ya bonde wakasikia. Akaliita lote. Halafu akanyamaza. Nilimwona amesimama na jembe mkononi, hatikisiki, anasikiliza, kama mtu aliyebisha hodi na hajui atakayefungua ni nani.

Mtoto akatokea nyuma ya migomba, mdomo umejaa muwa.

"Naam, Mama?"

"Mbuzi wako wapi?" akamwuliza, na sauti ilikuwa ya kawaida, ila alikuwa ameketi chini, katikati ya mahindi.